Nundu: Kabla ya kufua tapi, hesabu maji

Huku Nundu, mama anayepita nyumba kwa nyumba kufua tapi, blanketi na mikeka hauzi nguvu za mikono peke yake. Anauza maji pia, hata kama mwenye nyumba haoni hivyo.

Bidoni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Tapi kubwa hunywa maji mengi, kisha lazima isuuzwe mpaka povu liishe. Sabuni ikibaki ndani, tapi inanasa vumbi upesi, na mwenyewe atasema haikufuliwa. Hivyo bidoni tatu zinageuka tano, na kila moja ni safari ya kichwani kutoka ziwani au bombani.

Kwa jamaa zilizokimbia vita, franka za kazi hiyo ndizo unga wa jioni. Bei ikikubaliwa kabla ya kuuliza maji yatatoka wapi, unga huo unaishia kwa mchota maji.

Kuna pia kipindupindu, kinachorudi mara kwa mara kandokando ya Ziwa Tanganyika. Bidoni ya kufulia ifungwe kamba, isichanganywe na ile ya maji ya kunywa. Maji machafu yasimwagwe karibu na kisima, na tapi ianikwe juani mpaka ikauke kabisa.

Basi wapatane mlangoni: maji ya nani, bidoni ngapi, bei gani. Mwenye nyumba akitoa maji, bei ishuke. Asipotoa, alipe kila bidoni.