Walinzi wa Khalifa

Katika vitabu vya tarekhe, khabari zilizotupendeza mno ujanani mwetu ni za askari wa Al-Mutasim, Khalifa wa nane wa Bani Abbas. Huyu alitaka askari wasiomtegemea mtu ila yeye. Akanunua vijana wa Kituruki, hodari wa farasi na mishale, akawafanya walinzi wake makhususi. Walipozidi kuwakanyaga watu kwa farasi katika njia za Baghdad, raia wakawachukia. Basi mwaka 836 Khalifa akahama nao, akajenga mji wa Samarra kando ya mto Tigris. Mwaka 838 akauteka mji wa Amorium wa Warumi.

Tukisema: mwenye walinzi hawa, nani atamgusa? Kumbe hatujasoma yaliyo mbele.

Mwanawe, Al-Mutawakkil, alishika ukhalifa mwaka 847. Alimweka mwanawe Al-Muntasir kuwa wa kwanza kumrithi. Kisha moyo wake ukamwelekea mwanawe mwingine, Al-Mutazz. Akawa akimdharau Al-Muntasir mbele za watu. Tena akaamrisha mali ya Wasif, mkubwa mmoja wa askari wale, ichukuliwe. Uchungu wa mtoto ukakutana na khofu ya askari. Usiku mmoja wa Desemba 861, walinzi wakamwingilia Khalifa kwa panga wakamwua. Al-Muntasir naye alitawala kiasi cha miezi sita tu, akafa. Mpaka kufika mwaka 870, makhalifa watatu wengine walikwisha ondolewa na askari hao hao.

Juzi tulizisoma tena khabari hizi, tukaona haya. Wiki ile ile tulikuwa tumemkemea mtoto wetu mkubwa mbele ya wageni, huku tukimsifu mdogo wake. Hakujibu neno, aliinamisha kichwa akatoka. Na usiku tulifunga milango yote kwa makomeo, tukadhani nyumba yetu i salama!

Mtume (s.a.w.) alikataa kuwa shahidi wa zawadi aliyopewa mtoto mmoja, na ndugu zake wasipewe mfano wake. Ikiwa zawadi ni hivyo, je, heshima?

Tulimwita mwanetu, tukamtaka radhi mbele ya mdogo wake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nimesamehe, baba." Lakini wageni wale hawakuwapo kusikia, na hilo lingali deni juu yetu.

Enyi wazazi wenzetu, komeo la nyumba ni uadilifu. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mlinzi bora.