Mdogo Wenu Anapokwenda Mlimani

Wajukuu zangu,

Daktari amekwisha kusema nanyi, sina haja ya kuyarudia. Nguvu niliyobakiwa nayo nataka niitumie kwa jambo moja. Mdogo wenu, kitinda mimba wa marehemu mama yenu, amepata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huko Mlimani, anakwenda kusoma sheria. Ni miaka minne, na mimi sitaimaliza naye. Ninyi mnaofanya kazi ndio wazazi wake sasa.

Najua mtamtumia hela, hamkulelewa uchoyo. Ninachowausia ni kigumu kuliko hela: mdogo wenu aweze kuwaambia habari mbaya siku ileile inapomfika.

Mnamkumbuka binamu yenu. Alifeli mwaka wa pili, akapewa mitihani ya marudio, sapu kama mnavyoita wenyewe, akafeli tena, akadisko, yaani akaondolewa chuoni. Hakumwambia mtu. Kila akipigiwa simu alijibu yuko maktaba, kumbe yuko geto Sinza, anatembeza chaja za simu. Mama yake akanunua doti za kitenge, sare ya mashangazi wote, na Coaster ya kwenda mahafali ikalipiwa nusu. Kijana alikuja kusema wiki yenyewe ya mahafali. Watu walimwandama kwa uongo wake. Mimi nilijiuliza, katika ukoo huu nani angempokea kama angesema mapema? Kila likizo baba yake alimkumbusha mbele ya wageni ni ng'ombe wangapi wameuzwa kwa ajili yake. Mtoto anayesomewa gharama zake hadharani atathubutu vipi kurudi na sapu?

Kwa hiyo mdogo wenu akiwapigia kusema amefeli somo, swali lenu la kwanza liwe tarehe ya kurudia mtihani. La pili, anahitaji nini mpaka siku hiyo. Ya kumkanya yapo, yatangoja.

Sasa hela. Wako wazee hapa Muheza watakaowaambia kwamba mtoto akishaingia chuo, mzigo ni wa serikali. Wanakumbuka zamani, serikali ilipolipa ada, chakula, hata nauli. Hayo yaliisha miaka ya 1990 ulipoingia uchangiaji wa gharama. Leo kuna Bodi ya Mikopo, na neno ni hilohilo, mkopo. Hela ya kujikimu, hilo boom lao, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu 2022, ya kula na kulala pia. Hutolewa kwa mafungu, na la mwaka wa kwanza haliji kabla ya kusajiliwa na kusaini. Basi wiki zake za mwanzo pale Mlimani ni zenu kabisa. Asianze chuo kwa kukopa kwa mama ntilie.

Boom likitoka, mtu wa nyumbani asimpigie simu. Nasema hivi kwa kuwa nawajua ndugu zetu. Mmoja atataka mbolea, mwingine bati, na binti hatajua kukataa. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Bati mtakalolipata leo kwa boom lake, ataendelea kulilipia akiwa na watoto wake. Akituma bila kuombwa, mrudishieni na asante.

Jingine ni kumwita nyumbani. Sisi hatukusoma chuo, tunadhani mwanafunzi anaumia mwisho wa mwaka tu, wakati wa mitihani. Sivyo. Katika vyuo vyetu vingi alama 40 kati ya 100 zinatokana na kazi na majaribio ya katikati ya muhula, na jaribio likipita huwa limepita. Send-off, kipaimara, arobaini ya jirani, semeni kwa niaba yake kwamba yuko masomoni. Wanaonuna wanune. Msiba wa mzazi au ndugu wa tumbo moja ni lazima aje, na mmoja wenu amkumbushe kupita kwa Mshauri wa Wanafunzi kuacha taarifa kabla hajapanda basi. Nikifa mimi katika wiki za mitihani, nizikeni. Afanye mtihani wake, aje kaburini baadaye. Hili nimemwambia mwenyewe, amelia, lakini amekubali.

Akiugua ugonjwa mrefu, au akipata ujauzito (naliandika waziwazi kwa sababu katika familia nyingi ndipo binti anapotupwa), chuo kina utaratibu wa kuahirisha masomo. Aombe kwa barua mapema, kabla ya mitihani. Anayenyamaza na kutoonekana ndiye anayepoteza nafasi. Mtoto akizaliwa aletwe hapa, shangazi yenu amekwisha kukubali kumlea, na mama yake arudi darasani.

Msimchagulie pa kwenda baada ya masomo, wala msimwite wakili kabla hajawa. Mpigieni Jumapili jioni, mumuulize amekula nini na anaishi na nani chumbani. Akisema analala kitanda kimoja na mwenzake kwa kukosa nafasi hosteli, mtafutieni chumba.

Mwisho ni shamba la michungwa. Lisiuzwe. Mavuno yake ni ya mdogo wenu mpaka amalize. Wachuuzi watakuja na hela mkononi kununua machungwa yangali machanga mtini, na mwezi huo mtakuwa na shida. Msikubali, bei yao ya wakati huo ni ya kunyonya. Ngojeni yaive, na hela ikae kwa dada yenu mkubwa, aandike kila shilingi kwenye daftari ambalo kila mmoja wenu anaweza kulifungua. Akishahitimu, shamba ligawanywe sawa kwa wote, naye akiwemo.

Bibi yenu,
Muheza