Pipa la Chokaa la Mikumi

Mwanangu, wewe unaijua barabara ya Morogoro kwenda Iringa ikiwa lami, abiria wakichungulia twiga dirishani. Sisi tuliijua ikiwa vumbi na tope, mwaka 1966, baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wake kule Rhodesia na Zambia ikaanza kuhangaikia mafuta yake yaliyokuwa yakipitia huko. Malori yalipita Mikumi usiku na mchana na mapipa yao, madereva macho mekundu wakishuka kunywa chai ya senti kumi. Pipa lililobonyea liliuzwa palepale kwa shilingi chache.

Nilikuwa nimetoka Kilosa, kwenye shamba la mkonge. Bei ya mkonge ilikuwa inaporomoka na watu wanapunguzwa. Huko niliona chuma kikiliwa waziwazi. Mashine ya korona ilipokwangua majani, utomvu wa kijani uliruka kila mahali, mchachu, unawasha ngozi, na harufu yake ilikufuata hadi kitandani. Mashine ikiwa kazini, boliti zilimeta, maana asidi ya utomvu iliyeyusha utando wote wa juu. Ikizimwa jioni na hewa ikazipata, asubuhi zina rangi ya chungwa. Kisha zinaoshwa tena. Fundi wetu, Mbena mmoja mwenye meno yaliyokolea ugoro, hakuwa na imani na chuma kinachometa. Alizibadilisha boliti mapema, na karani wa stoo akamnunia kila mwezi.

Mikumi nikawa kibarua wa mzee mpaka chokaa, Mvidunda mpole, kope zake nyeupe kwa kazi. Tulikata pipa la dizeli juu, tukawa tunazimulia chokaa humo. Pipa la jirani, la maji ya mvua, lilijaa kutu kama tofali lililomomonyoka. Letu lilibaki na weusi wake wa kijivu. Nikadhani ni mabaki ya dizeli.

Ila chokaa ilikuwa ikikauka inabanduka ukutani na kuchafua mashati ya watu. Mzee akaanza kutia chumvi ya mawe, vibaba viwili kwa pipa, na kweli ikashika. Haukupita muda mrefu pipa likaanza kudondosha matone. Tulipoligeuza tuliona vitundu vya ncha ya sindano, na pembeni ya kila kitundu chuma kizima, hakijaguswa. Mzee alimtuhumu mpaka chokaa mwenzake kwa uchawi.

Jibu nililipata ukubwani, vitabuni. Faraday aliandika mwaka 1836 kwamba chuma kikitiwa kwenye asidi ya nitriki iliyo kali sana hakiliwi, kumbe ile iliyozimuliwa hukila kwa vurugu. Akahisi kuna utando wa oksidi unaokilinda. Ulick Evans wa Cambridge akaja kuubandua utando huo mwaka 1927. Maji ya chokaa nayo hukivika chuma utando kama huo, mwembamba kiasi kwamba jicho halioni. Kloridi ya chumvi hutafuta mahali palipo dhaifu na kupatoboa. Chuma kinachoyeyuka hapo huyafanya maji ya ndani ya kitundu kuwa asidi, na asidi hiyo huuzuia utando kujiunga upya. Nao utando uliosalia, badala ya kusaidia, huwa upande wa pili wa betri: eneo kubwa la pipa zima linakula kitundu kimoja. Kwa maoni yangu hiyo ni mbaya kuliko kutu ya pipa la jirani, ambayo angalau uliiona ikija. Nondo ndani ya zege lililochanganywa na mchanga wa baharini hufa hivyohivyo, na pwani watu bado wanauchota.

Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, la kwenda Zambia, likaanza kazi, mapipa yakaadimika na bei ikapanda. Mzee hakuacha chumvi. Alipiga hesabu kwa kijiti mchangani, akaona wateja wanalipa ukuta, na kwa bei ya kuta nne anapata pipa jingine.