Programu Huria na Kampuni Kubwa: Jinsi Ugomvi Ulivyobadilika

Ugomvi kati ya kampuni za teknolojia na watetezi wa programu huria una takriban nusu karne sasa. Katika muda huo hoja zimegeuka, na baadhi ya wahusika wamehama hata upande waliokuwa wakiupigania. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake chanzo, yaani maagizo aliyoyaandika mtengenezaji, uko wazi, na leseni yake inamruhusu yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Programu miliki humfikia mnunuzi ikiwa tayari kutumika. Msimbo wake hubaki kwa mwenye kampuni.

Hapo awali programu hazikuwa bidhaa ya kujitegemea. Mashine ndiyo iliyouzwa, na programu zilikuja nayo. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1969, IBM ilipotangaza kwamba itatenganisha bei ya programu na bei ya kompyuta. Februari 1976 Bill Gates, wakati huo kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta ndogo, akilalamika kwamba wengi wao wanatumia lugha ya programu ya BASIC aliyoitengenezea kompyuta ya Altair bila kuinunua. Aliuliza nani atakubali kufanya kazi ya kitaalamu bila malipo. Swali hilo lilichukuliwa na wengi kuwa kelele za mfanyabiashara. Ukweli ni kwamba lilikuwa swali zito, na miongo minne baadaye liliulizwa tena, safari hiyo na watengenezaji wa programu huria wenyewe.

Jibu la kwanza lilitoka Massachusetts. Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya akili bandia ya MIT, alitaka kurekebisha programu ya printa ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi mara kwa mara. Mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa na msimbo huo alikataa kumpa kwa kuwa alikwishaahidi kuutunza siri. Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU wa kujenga mfumo endeshi mzima ulio huru, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL. Ubunifu wa leseni hiyo unastahili kuelezwa, maana bila kuuelewa mabishano yaliyofuata hayaeleweki. GPL haikuikana hakimiliki, iliitumia. Mwenye hakimiliki anasema: chukua kazi yangu, ibadilishe upendavyo, hata uza nakala, lakini ukimpa mtu mwingine programu hiyo umpe na msimbo wake, kwa masharti haya haya. Sheria iliyotungwa ili kufunga ikawa ndiyo inayolazimisha kufungua.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo endeshi kilichokuja kuitwa Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya GPL. Kiini hicho na zana za GNU vilipokutana, mfumo huru kamili ukapatikana. Wajitolea walioufanyia kazi walitawanyika nchi nyingi na hawakuwa na bosi mmoja.

Kampuni zilianza kuona hatari, na nyingine kuona faida. Januari 1998 Netscape, iliyokuwa ikibanwa na Microsoft katika soko la vivinjari, ilitangaza kuufungua msimbo wake, na humo ndimo ulimozaliwa mradi wa Mozilla. Mwaka huohuo kambi ya programu huria ilianza kuwa na sauti mbili. Stallman na wenzake walizungumzia uhuru wa mtumiaji kama haki. Kundi jingine, akiwemo Eric Raymond, lilipendelea kuwaambia wafanyabiashara kwamba njia hii hutoa programu bora. Mgawanyiko huo haujawahi kuzibwa, na watu wengi wanaobishana leo wako kwenye moja ya sauti hizo bila kujua ilianzia wapi.

Microsoft ndiyo iliyokuwa adui mkuu. Mwishoni mwa 1998 nyaraka zake za ndani zilivuja, zikionyesha kwamba wataalamu wake waliiona Linux kuwa mshindani halisi, tofauti na dharau iliyoonyeshwa hadharani. Mwaka 2001 mkurugenzi wake mkuu, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na saratani, akimaanisha kwamba leseni yake inaambukiza kila inachokigusa. IBM ilikwenda kinyume: ilitangaza kutumia dola bilioni 1 kwa ajili ya Linux katika mwaka huo. Machi 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM ikidai msimbo wa mfumo endeshi wa Unix umepenyezwa ndani ya Linux. Kesi hiyo na nyingine zilizofuata zilivuta miaka mingi na kuwatia hofu wateja wengi, ingawa mwaka 2010 baraza la mahakama liliamua kwamba hakimiliki zenyewe za Unix zilikuwa za kampuni ya Novell, si za SCO.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliyakuta mabishano hayo yamepamba moto katika vyumba vya kompyuta vya Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huko yalikuwa na sura yake. Hoja ya Ulaya na Marekani kwamba Linux haina gharama haikumgusa mtu, kwa sababu Windows na Office zilipatikana mitaani kwenye CD za kunakili kwa bei ndogo sana. Wachache walioagiza CD za Ubuntu, mfumo wa Linux ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004 na kutumwa bure kwa posta hadi 2011, walionekana watu wa vitabuni. Hoja iliyogusa ilikuwa ya lugha. Msimbo ukiwa wazi, hakuna haja ya kusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama soko la Kiswahili linalipa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulithibitisha hilo mwishoni mwa 2004 kwa kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu na maelezo ya Kiswahili, baada ya kazi ndefu ya kukusanya istilahi. Baadaye Microsoft nayo iliweka Kiswahili katika Windows na Office. Ushindani ulileta matunda, hata kwa waliobaki na Windows.

Mageuzi makubwa hayakuletwa na mabishano. Yaliletwa na simu na seva. Google iliinunua Android mwaka 2005, na simu ya kwanza ya mfumo huo ikaingia sokoni mwaka 2008 ikiwa na kiini cha Linux. Kwa njia hiyo mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki walipata Linux mfukoni bila kuichagua wala kuijua. Hapa pana jambo ambalo watetezi wa programu huria hawakulitarajia: kiini ni huria, lakini duka la programu na huduma nyingi zinazoifanya simu iwe ya maana ni mali ya Google. Kushinda kwa Linux hakukumaanisha kushinda kwa mtumiaji. Upande wa seva na kompyuta kubwa ushindi ulikuwa wa wazi zaidi. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya dunia ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote zinaendeshwa na Linux.

Microsoft ilibadilika kwa sababu biashara yake ilibadilika. Satya Nadella aliposhika uongozi Februari 2014, fedha zilikuwa zinaelekea kwenye kukodisha seva kupitia intaneti, na wateja wa seva walitaka Linux. Mwezi Oktoba wa mwaka huo alisimama mbele ya maandishi yaliyosema Microsoft inaipenda Linux, na Novemba kampuni ikatangaza kuufungua msimbo wa jukwaa lake la .NET. Mwaka 2016 ilijiunga na Linux Foundation, taasisi inayosimamia maendeleo ya Linux. Juni 2018 ilitangaza kuinunua GitHub, ghala ambako miradi mingi ya programu huria hutunzwa, kwa dola bilioni 7.5, na Oktoba ikaweka hataza zake zipatazo 60,000 katika mtandao wa kulinda Linux. Mwaka 2019 mhandisi wake mmoja alieleza kwamba matumizi ya Linux katika Azure, huduma ya seva ya Microsoft, yameshayapita ya Windows. Rais wa kampuni hiyo, Brad Smith, alikiri mwaka 2020 kwamba Microsoft ilikuwa upande usiofaa katika suala la programu huria.

Kuanzia hapo ile picha ya zamani ya kampuni mbaya na wajitolea wema haikutosha tena. Wengi wa wanaoandika msimbo wa Linux leo ni waajiriwa wa kampuni. Ugomvi mpya ukazuka ndani ya kambi yenyewe, na chanzo chake ni mwanya katika masharti ya leseni. GPL hulazimisha kutoa msimbo pale programu inapokabidhiwa kwa mtu mwingine. Kampuni inayoiweka programu kwenye seva zake na kuuza huduma haikabidhi chochote. Mteja hupata matokeo tu. Leseni ya GNU AGPL ilitoka mwaka 2007 ili kuuziba mwanya huo, lakini miradi mingi ya hifadhidata na zana za seva ilitumia leseni nyepesi kama Apache, ambayo hailazimishi kutoa msimbo hata programu inapokabidhiwa.

Kisa cha Elasticsearch kinaonyesha vizuri kilichofuata. Programu hiyo ya kutafuta taarifa ilitolewa kwa leseni ya Apache, na kampuni ya Elastic ikajengwa juu yake. Mwaka 2015 Amazon ilianza kuiuza kama huduma kwenye seva zake. Kisheria haikukosea popote, leseni iliruhusu. Elastic iliona Amazon inavuna shamba ambalo wengine walilima, na Januari 2021 ikatangaza kuachana na leseni huria. Amazon ikachukua toleo la mwisho lililokuwa huria na kulianzishia mradi wake, OpenSearch. Kampuni ya hifadhidata ya MongoDB ilikuwa imepita njia hiyo mwaka 2018. HashiCorp ilifuata Agosti 2023 kwa Terraform, zana yake ya kusimamia seva, na kampuni ya hifadhidata ya Redis Machi 2024, na kila mara wadau waliokasirika walichukua msimbo wa zamani na kuanzisha mradi sambamba: OpenTofu, kisha Valkey, yote chini ya Linux Foundation. Agosti 2024 Elastic iliongeza AGPL, na Redis ikafanya hivyo mwaka 2025. Hivyo kampuni hizo mbili zilirudi kwenye uhuria, na kwa leseni kali kuliko ile ya mwanzo.

Katika ugomvi huu si rahisi kumpata mnyonge. Elastic ilikuwa kampuni inayouza hisa sokoni, si kijana mmoja chumbani kwake. Hata hivyo madhara yaliwaangukia watu waliochangia msimbo wakiamini utabaki huria. Wengi walikuwa wamesaini mkataba unaoipa kampuni haki ya kubadilisha leseni, na mara nyingi mkataba huo ndio uliorahisisha mabadiliko hayo. Mradi wa Linux hauna mkataba wa namna hiyo. Hakimiliki zake zimetawanyika kwa maelfu ya wachangiaji, na kwa hiyo hakuna anayeweza kuamka siku moja akaufunga.

Jambo zito zaidi halijapata kelele zinazolistahili. Aprili 2014 kasoro iliyoitwa Heartbleed iligunduliwa katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Ikajulikana kwamba mradi huo ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Desemba 2021 ikaja kasoro katika Log4j, programu ya kurekodi matukio iliyokuwa ikitunzwa na wajitolea na kutumiwa na kampuni kubwa za dunia. Machi 2024 mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, alishangaa kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipochunguza alikuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya programu ya kubana mafaili iitwayo xz. Aliyeupandikiza alikuwa amejifanya mchangiaji mwema kwa zaidi ya miaka miwili, huku akaunti nyingine zikimsukuma mtunzaji, aliyekwishachoka, amwachie madaraka. Dunia iliokolewa na msimbo kuwa wazi, na ilihatarishwa na mtunzaji kuachwa peke yake. Swali la Gates la mwaka 1976 halijajibiwa.

Sasa mabishano yamehamia kwenye akili bandia. Kampuni ya Meta ilipoitoa modeli yake ya lugha, Llama 2, Julai 2023 iliitangaza kuwa huria, ilhali leseni yake inazitaka kampuni zenye watumiaji zaidi ya milioni 700 kwa mwezi ziombe ruhusa kwanza, na data iliyotumika kuifundisha haikutolewa. Kwa vigezo vya leseni huria vilivyotumika tangu 1998, hiyo si programu huria, na inafaa kusemwa hivyo bila kumung'unya maneno.

Afrika Mashariki ina sababu ya kuyafuatilia haya kwa karibu. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulikulia Eldoret katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wataalamu wa Indiana. Ushahidi, jukwaa la kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani, ilizaliwa Kenya mwaka 2008 katika machafuko ya baada ya uchaguzi. DHIS2, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hubeba takwimu za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Anayeingia katika mabishano haya aisome kwanza leseni, aangalie hakimiliki iko kwa nani, na aulize watunzaji wanalipwa na nani. Na wizara, benki na vyuo vinavyoendesha kazi zao juu ya programu huria viwape wahandisi wao muda rasmi wa kuzitunza, kwa sababu mpaka sasa mzigo huo unabebwa na watu wachache mno.