Mjenzi Angeuliza Kwanza

Mtaa wa Fedha uko upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, kando ya barabara iitwayo Outer Ring. Mtu ashukaye matatu mahali hapo huyaona majumba ya mawe yaliyosimama bega kwa bega, mengine ya orofa tano, mengine sita na saba, na nguo zimeanikwa katika kila roshani kama bendera siku ya sherehe. Jina la mtaa lisimdanganye mgeni. Wengi wakaao humo ni makarani, waalimu, mafundi na wachuuzi, ambao fedha huiona mwanzo wa mwezi na kuiaga kabla ya tarehe kumi.

Karani mmoja wa mtaa huo alimleta mama yake kutoka shambani ili atazamwe magoti na daktari. Bibi huyo amelima viazi na kukama ng'ombe maisha yake yote, wala kilima si kitu cha kumtisha. Walakini alipofika mlangoni pa jumba akaalo mwanawe, alisimama kitambo akizitazama ngazi. Zilikuwa nyembamba hata watu wawili wakikutana hapana budi mmoja ageuke ubavu. Mwanga wa mchana haukufika ndani. Chuma cha kushikia kilikuwa upande mmoja tu, tena kilikoma orofa ya pili. Yamkini mwenye nyumba aliishiwa na mali, au na hamu. Lifti haikuwapo, na mwanawe akaa orofa ya tano.

Vijana wawili wa jirani walimketisha katika kiti cha plastiki wakambeba. Kila penye kona iliwapasa kukiinamisha kiti, naye bibi akawa anajishikiza ukutani kwa viganja vyake. Walipofika orofa ya nne akauliza, "Mwanangu, na siku nikifa huku juu, mtanishushaje?"

Karani alicheka ili amtulize. Wale vijana hawakucheka, kwa kuwa kazi hiyo walikwisha kuifanya. Katika majumba ya namna ile jeneza haligeuki konani. Maiti hushushwa amefungwa katika blanketi, na jeneza humngoja chini, mbele ya wauza mboga.

Walio hai nao wana taabu yao. Siku ambayo mifereji imekauka, na siku hizo si chache, maji hupandishwa kwa mitungi ya lita 20, na mtungi mmoja ukijaa una uzito wa kilo 20. Mtungi wa gesi hupanda kwa bega la kijana. Kiti kirefu cha sebuleni hakipandi ngazi kabisa. Hufungwa kamba na kuvutwa kupitia roshani, na watoto wote wa mtaa hukusanyika chini kutazama kama kitaanguka. Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo madogo. Ni madogo kwa aliyechora ramani, kwa maana yeye aliichora mara moja, bali anayekaa humo huipanda ramani hiyo kila siku.

Kulipokucha walikwenda kwa daktari, ng'ambo ya barabara kuu. Barabara hiyo, yenye urefu wa kilomita 13 hivi, ilipanuliwa katika miaka ya baada ya 2014, na magari yakapata nafasi ya kwenda kasi. Lakini madaraja ya waendao kwa miguu yalikawia nyuma ya lami, na watu wengi waligongwa wakivuka kama walivyozoea. Sasa madaraja yapo, na bado wengine huvuka chini. Husemwa kwamba watu wa Nairobi ni wakaidi. Labda ni hivyo. Lakini mama aliyebeba kabichi kichwani na mtoto mgongoni, akiambiwa atembee hadi lilipo daraja, apande mteremko mrefu, avuke, ateremke, kisha arudi nyuma mwendo ule ule ili afike kwenye kibanda alichokuwa akikiona tangu mwanzo, huyo hapigi hesabu ya ukaidi. Anapiga hesabu ya shingo yake. Mtu akitaka kujua daraja lilipasa kujengwa wapi, na atazame nyasi za kando ya barabara, aone mahali zilipokwisha kwa kukanyagwa.

Bibi alivuka kwa daraja. Safari hiyo ilichukua nusu saa.

Nyumba ya matibabu waliyoiendea ilikuwa mpya na safi, nayo ilikuwa na njia ya mteremko kwa ajili ya viti vya magurudumu, kama ipasavyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na kabla yake ilikuwako sheria ya mwaka 2003 iliyohusu haki za watu hao. Basi mjenzi alijenga mteremko. Ila mwisho wake, mbele ya mlango, aliacha kidato kimoja chenye kimo cha shubiri nzima, na juu ya mteremko wenyewe palikuwa pamesimamishwa pikipiki mbili. Mlango ulikuwa wa mabawa mawili, moja limekomewa tangu siku ya kufunguliwa jengo, hata kila aingiaye humgonga atokaye. Dirisha la karani wa kupokea wagonjwa lilikuwa la kioo, na tundu la kusemea liliwekwa chini kabisa, penye meza; kwa hiyo mgonjwa wa mgongo huinama ili aeleze kwamba mgongo wamuuma. Mabenchi yalikuwa nje, upande wa jua la asubuhi, bila paa. Choo kilikuwako, kimefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kunywa chai.

Hapana hata jambo moja katika hayo lililohitaji fedha nyingi. Kulishusha tundu la dirisha hakugharimu kidogo kuliko kulipandisha. Lililokosekana ni mtu mmoja kuulizwa, au mchora ramani mmoja kuketi hapo tangu saa mbili hadi saa sita, akiwa na kibofu kilichojaa.

Wala ugonjwa huu si mgeni upande wa mashariki wa Nairobi. Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya wakoloni na mabwana wa kazi walipowajengea Waafrika nyumba, walimfikiri mwanamume mmoja aliyeacha jamaa zake shambani, anayehitaji mahali pa kulaza mwili mpaka kengele ya kazi. Walihesabu vitanda, hawakuhesabu watu wa nyumbani. Walakini wake walikuja, watoto walizaliwa, na chumba kikagawanywa kwa pazia: huku wazazi, huku watoto, na jiko likatolewa nje mlangoni. Mwaka 1954 halmashauri ya mshahara wa Waafrika, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, ilipendekeza kwamba mshahara upimwe kwa haja za mtu mwenye jamaa, siyo mtu peke yake. Hesabu ya mshahara ilianza kubadilishwa kwenye karatasi. Kuta zilikuwa zimekwisha kujengwa. Haki itendeke pia kwa Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, ambao nyumba zake ziliwekwa kuzunguka viwanja vya majani, na katikati ukumbi wa watu wote. Wazee waliokulia huko wakisimulia habari zake, huanza na viwanja hivyo, ndipo wafike kwenye vyumba.

Mtu akienda Lamu ataona nje ya nyumba za kale benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta, ndilo baraza. Mwenye nyumba humpokea mgeni pale pasipo kumwingiza ndani, mzee hupumzika, habari za mji hupita. Mwashi aliyeliweka alijua kwamba watu watakuja, watachoka, na watataka kuongea. Katika majengo mengi ya Nairobi ya leo, ngazi ya mlango inayofaa kuketiwa hutiwa vyuma vyenye ncha, asije mtu akapumzika.

Karani alimwendea msimamizi wa jumba akamwomba chuma cha kushikia kiendelezwe hadi juu. Msimamizi alijibu kwa adabu kwamba ramani ilipitishwa zamani. Basi wakaaji wa orofa ya tatu, ya nne na ya tano walichanga, wakamwita fundi wa kuchomea vyuma kutoka kando ya barabara, naye akaunga bomba la maji kuukuu tangu orofa ya pili hadi juu, kazi ya siku moja na nusu. Ni baya kwa kutazama, tena rangi yake haifanani na ya chini. Tangu siku hiyo mikono ya watu imeling'arisha.

Alfajiri ya siku ya kurudi shambani, bibi alikataa kiti na vijana wake. Aliteremka peke yake, mkono mmoja juu ya bomba, akihesabu kwa sauti, na mwanawe akimfuata na mzigo. Alipofika chini alipumua, akasema, "Ni themanini. Lakini cha kumi na nne kutoka juu ni kifupi kuliko vingine, nimekijua kwa goti."

Mlinzi wa mlangoni alikubali kwa kichwa. Alisema kwamba hapo ndipo wageni wote hujikwaa.