Pete Nyekundu za Uluguru

Tulipoiacha barabara ya Iringa na kuanza kupanda kuelekea Mgeta, joto la Morogoro mjini lilibaki bondeni. Juu yetu njegere na kabichi zilipanda mlima ngazi kwa ngazi, mpaka kwenye ukungu. Sijaona mashamba mazuri kuliko haya, lakini mimi nilifuata mawe.

Mtoni mama mmoja alikuwa akifua juu ya jiwe jeupe lenye vidoa vyekundu. Nilimwamkia, nikaomba kulitazama.

"Tazama, mwanangu. Haliishi kwa macho," akasogeza beseni.

Ndani ya lenzi, weupe ule ni plajioklesi na weusi ni piroksini. Kila vinapokutana pana pete ya garneti, nyekundu kama punje za komamanga. Ni anothositi, ndugu wa gabro. Magma ilipoa taratibu chini ya ardhi, plajioklesi zikajikusanya pamoja. Kisha, miaka milioni 640 hivi iliyopita, mabara yaliposongana, jiwe hili lilikandamizwa kwenye kina cha zaidi ya kilomita 30, kwenye joto la nyuzi 800 hivi. Ungedhani asili yake ilifutika huko. Kumbe pete yenyewe ndiyo shahidi: garneti isingeota pale kama plajioklesi na piroksini zisingekuwa zimegusana tangu zamani.

Maabara huongeza ushahidi. Sodiamu na potasiamu hazitegemewi sana, maana maji ya moto huzihamisha. Titani, zirkoniamu na itriamu ni wazito kuhama, na kwa viwango vyao wanajiolojia huipambanua magma iliyozaa jiwe. Yuropiamu nayo hupenda plajioklesi. Ikiwazidi wenzake wa kundi la lanthanidi, ujue fuwele zake zilirundikana. Lakini ninachokipenda zaidi ni zirkoni, punje ndogo kuliko chembe ya chumvi: katika anothositi za Uluguru, kiini chake kina miaka takriban milioni 900, na gamba la nje milioni 640. Kuzaliwa na kugeuzwa, ndani ya punje moja!

Nilipitisha kiganja juu ya jiwe. Maji huila plajioklesi kwanza, hivyo garneti zimebaki zimejitokeza, zinakwaruza ngozi. Nikamwonyesha mama.

"Ndiyo maana nafulia hapa," akasema, akiiweka kanga juu ya vidoa. "Uchafu unatoka."

Maji yenye povu yaliteremka kuelekea Ruvu.