Mpwa Wangu, Moyo Nao Hufanyiwa Mazoezi

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia mmefungwa mechi mbili mfululizo, na sasa mnarushiana lawama: fulani mwoga, fulani hana moyo. Lawama hizo zimenisumbua kuliko kufungwa kwenyewe.

Itazame tena fainali ya NBA ya mwaka 2013. San Antonio Spurs walikuwa wakiongoza kwa mechi 3–2 dhidi ya Miami Heat, na katika mechi ya sita, zikiwa zimebaki sekunde 28, walikuwa mbele kwa pointi tano. Ginobili wa Spurs alikuwa ametoka kukosa mtupo huru mmoja kati ya miwili. Miami wakapunguza pengo, kisha Kawhi Leonard wa Spurs, kijana wa miaka 21, naye akakosa mmoja kati ya miwili. LeBron James wa Miami aliporusha na kukosa, Tim Duncan, mrefu wa Spurs, hakuwepo uwanjani. Kocha Popovich alikuwa amemtoa ili kuwazuia wapigaji wa mbali. Chris Bosh akaidaka rebaundi, akampasia Ray Allen, ambaye alikuwa anarudi kinyumenyume kwenye kona. Akarusha, mpira ukaingia. Wakawa sare 95–95. Miami wakashinda katika muda wa nyongeza, na mechi ya saba wakaichukua pia.

Watu husema Allen alikuwa na moyo wa chuma. Wewe itazame miguu yake. Ilitua nyuma ya mstari wa pointi tatu, katika kile kipande chembamba cha kona, na papo hapo mwili ukapanda. Kurudi kinyumenyume hadi kona na kurusha lilikuwa zoezi lake la miaka mingi. Ule utulivu aliupata humo.

Na Spurs je? Mwaka uliofuata walikutana na Miami walewale fainalini, na baada ya mechi mbili walikuwa 1–1. Mechi ya tatu Popovich akamwanzisha Boris Diaw, Tiago Splitter akaanzia benchi. Diaw alikuwa na mwili mzito lakini pasi zake zilikuwa nyepesi. Miami waliozoea kumvamia mwenye mpira wawili wawili wakawa wanafika mpira umeshaondoka. Hadi mapumziko Spurs walikuwa na pointi 71! Walimaliza 4–1, na mchezaji bora wa fainali akawa Leonard, yuleyule wa mtupo uliokosa.

Sikatai kwamba moyo upo. Splitter alihitaji moyo kukaa benchi bila kinyongo. Kocha alihitaji moyo kubadilisha kikosi katikati ya fainali. Lakini mnapocheza na mpinzani mmoja mechi baada ya mechi, ameshajua unapenda kuingia upande gani, na ujasiri wako peke yake hautamzuia kukusubiri hapo.

Basi kesho mkikutana, muulizeni kocha wapinzani wanapata wapi nafasi za wazi, na nani anadaka rebaundi mrefu wenu akitoka. Wewe, mitupo yako huru ipige mwisho wa mazoezi, miguu imeshachoka: miwili, kimbia uwanja mzima kwenda na kurudi, miwili tena. Na huyo mwenzenu mnayemwita mwoga, mwombe apige pamoja nawe.

Nisalimie wote nyumbani.

Mjomba wako